Kifaa cha setilaiti kikigoma: dalili na tiba kwa wanaotoka Tanga kwenda baharini na msituni

Kazi yangu ni kuandaa safari hapa Tanga: boti za kwenda fungu la mchanga la Maziwe, safari za kulala msituni Amani, na mara mojamoja watu wanaotaka kushuka na pwani hadi Saadani. Kila kundi linaondoka na kifaa kimoja cha setilaiti cha mkononi, na likirudi, kiongozi wake ananieleza kilichomsumbua. Malalamiko hayo nayaandika kwenye daftari. Yanajirudia. Hapa nimeyapanga kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea sana ndiyo ya kwanza, ya nadra ni ya mwisho. Anza juu, shuka.

Jambo moja kabla ya dalili. Kifaa hiki hakitumii laini wala minara ya simu. Vifaa kama Garmin inReach na ZOLEO hupitisha ujumbe kwenye mtandao wa Iridium, wenye setilaiti 66 zinazozunguka dunia kwa kimo cha kilomita 780 hivi. Ujumbe unatoka mkononi mwako, unapanda kwenye setilaiti, unarushwa kutoka setilaiti moja hadi nyingine, unashuka kwenye kituo cha ardhini, unaingia kwenye intaneti, kisha kwenye mtandao wa simu wa Tanzania, ndipo simu ya mtu wako inalia. Kwa mujibu wa daftari langu, ile safari ndefu ya angani huharibika mara chache sana. Kinachoharibika ni hatua ya kwanza, pale mkononi, na hatua ya mwisho, pale kwa mpokeaji. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoniumiza roho, kwa sababu wengi hawaijaribu kabla ya safari.

## Ujumbe umeganda, hauondoki

Mbingu imezibwa. Nikimuuliza mtu kifaa alikuwa amekiweka wapi, jibu ni mfukoni, ndani ya begi, chini ya benchi la boti, au chini ya bati la banda. Kifaa lazima kiione mbingu. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi ya redio. Chuma ndiyo kabisa. Turubai kavu la plastiki halina neno, bati ndilo adui. Baharini kifunge begani mwa jaketi la kuokolea, kile kishina cha antena kikitazama juu. Usikilaze sakafuni mwa boti ambako maji yanatembea.

Msituni ni habari nyingine. Ukipita Amani utaona jinsi miti inavyokumbatiana juu ya njia, na kule chini bonde la mto Zigi mlima wenyewe unakula nusu ya mbingu. Mvua ikiwa hewani haiyasumbui sana mawimbi ya Iridium, ila majani yaliyoloa yanayazuia, na tone lililokaa juu ya antena linasumbua pia. Futa antena kwa kitambaa, kisha tafuta uwazi: barabara ya gari, mahali mti mkubwa ulipoanguka, au bora zaidi mashamba ya chai upande wa Kwamkoro. Mwongozaji mmoja alihangaika saa nzima chini ya miti kisha akatembea dakika kumi hadi kwenye chai, na ujumbe ukaondoka kabla hajakaa chini.

Setilaiti bado haijapita. Setilaiti za Iridium hazikai mahali pamoja. Moja ikichomoza inapita juu yako na kutua ndani ya dakika kumi hivi, nyingine inafuata. Njia zao zote zinakutana karibu na ncha za dunia, kwa hiyo kule anga imejaa, na huku karibu na ikweta zimeachana zaidi. Tanga ipo digrii 5 tu kusini ya ikweta. Mbele ya bahari wazi hutaona tofauti kubwa, lakini kwenye upenyo mdogo wa msitu unasubiri hadi setilaiti ipite juu ya upenyo huohuo. Kaa palepale, kifaa kikiwa kimesimama, kwa dakika 20 nzima. Watu wanasubiri dakika tatu, wanahama, wanasubiri tatu nyingine, na kila wanapohama wanaipoteza iliyokuwa inakuja.

Na tafadhali, usibonyeze "tuma" tena na tena. Kila ujumbe unaingia foleni. Njia ikifunguka zinaondoka zote kwa mkupuo, na mama wa watu anapokea jumbe sita za "tumekwama" kwa dakika moja. Moja tu inatosha.

Kifurushi kimekwisha au kimesimamishwa. Hii hutokea sana baada ya masika. Boti zimekaa juu miezi miwili, mtu amesimamisha malipo ili asipoteze pesa, au kadi ya benki iliyokuwa inakatwa imeisha muda wake. Kifaa kinawaka, ramani inaonekana, saa ipo sawa, kila kitu kinapendeza isipokuwa ujumbe hauendi. Ingia kwenye akaunti ukiwa bado una intaneti mjini, hakikisha kifurushi ni hai, kisha toka nje na kifaa kimewashwa. Kurudisha huduma hakufanyiki mezani: kifaa kinapokea taarifa hiyo kutoka angani, na kinaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Mimi nafanya hivi Raskazone, ufukweni, siku mbili kabla ya safari. Asubuhi ya kuondoka ni kuchelewa.

Mtandao wa kifaa chako haufiki vizuri. Si vifaa vyote ni vya Iridium. SPOT, kwa mfano, hutumia setilaiti za Globalstar, ambazo hazirushiani ujumbe zenyewe kwa zenyewe. Setilaiti inapaswa kukuona wewe na kuona kituo cha ardhini kwa wakati mmoja. Kabla ya kununua cha mtumba kutoka kwa mgeni anayeondoka, angalia ramani ya huduma ya mtandao husika kwa pwani hii na kwa milima. Kama unakiagiza kutoka nje, waulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kuhusu kibali, usije ukakipoteza bandarini.

Programu imekwama. Kama umekaa nusu saa kwenye uwazi na akaunti ni hai, kizime kabisa, hesabu hadi thelathini, washa. Kisipozimika kwa kawaida, shikilia kitufe cha kuwasha kwa muda ulioandikwa kwenye kijitabu chake. Halafu sasisha programu yake, lakini ukiwa nyumbani na umeme wa uhakika. Usisasishe ukiwa safarini.

Antena imeumia. Kimeanguka juu ya mwamba, kishina kimechanika au kinacheza. Hapo simama. Usikifungue, usigundishe kwa gundi ya moto, usimpe fundi wa simu hata awe hodari vipi. Mpira unaozuia maji ukishafunguliwa haurudi kama ulivyokuwa, na utakuwa na kifaa kinachoonekana kizima na kinachokufa siku ya kwanza ya mawimbi. Kinarudi kwa muuzaji au mtengenezaji, na wewe unaondoka na kingine au huondoki.

## Ujumbe umeondoka, lakini kimya

Hapa nitakaa kidogo.

Nahodha mmoja wa Kigombe injini ilimfia jioni, kusi linavuma. Simu yake ilishaingia maji. Akatia nanga nyuma ya mwamba na abiria wake, akatoa kifaa cha setilaiti, akamwandikia mkewe kwamba wapo salama, injini imekufa, atafute boti asubuhi. Kifaa kikaonyesha ujumbe umeondoka. Mbingu ilikuwa nyeupe, kila kitu kilifanya kazi yake. Usiku kucha hakuna jibu, asubuhi hakuna boti. Waliokuja kuwaona ni wavuvi waliokuwa wanatoka kwenye dema zao.

Nilipomuuliza mkewe, alinijibu kwa uchungu: "Shemeji, namba yenyewe siijui, haikuanza hata na sifuri saba. Nikajua ni wale wale wa 'ile pesa tuma kwenye namba hii.' Nikaifuta."

Siwezi kumlaumu hata kidogo. Sote tumefundishwa kufuta. Kosa lilikuwa letu tuliomwandaa nahodha tukamsahau mtu wa nyumbani. Tangu siku hiyo, nikiwa na dakika kumi tu za maelekezo, nane ni za mpokeaji.

Mpokeaji hakuutambua. Namba inayotokea inaweza kuwa ya nje ya nchi, na inaweza kubadilika kutoka ujumbe mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kuiandika jina kwenye simu hakutoshi. Dawa ni neno la kuanzia ambalo familia imekubaliana, jina la utani la bibi, kwa mfano, au la boti iliyouzwa zamani. Ujumbe wowote unaoanza na neno hilo ni wa kweli, hata ukitoka namba gani.

Ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza. Vifaa vingi vina jumbe fupi zilizotayarishwa, unabonyeza tu zinaondoka, na kwenye vifurushi vingi hazikatwi pesa. Lakini maneno yake ya kiwandani ni ya Kiingereza, na mama mkwe wa mtu anapokea mstari asioelewa. Kabla ya safari ingia kwenye akaunti uyabadilishe. Mimi naweka matatu: "Tumefika salama, hakuna tatizo." "Tumechelewa lakini tupo salama, msitafute." "Tuna tatizo, si la hatari, mpigie aliyeandaa safari." Baada ya kuyabadilisha lazima kifaa kioanishwe upya na akaunti, la sivyo kitaendelea kutuma ya zamani.

Jibu lilikataa kuondoka. Mpokeaji amejibu, lakini ujumbe wa kwenda nje ya nchi haumo kwenye bando lake, unahitaji salio. Muwekee salio kabla hujaondoka. Vifaa vingine huambatanisha kiungo cha kujibia kwenye intaneti. Mwonyeshe kwa vitendo, akigusa hapa anaandika hapa. Na mwambie aandike kwa ufupi, maana nafasi ni herufi 160 tu kwenye vifaa vingi.

Kifaa chako hakijaenda kuchukua. Jibu linakaa kwenye sanduku hadi kifaa kiulize. Ukikizima baada ya kutuma, hutapata kitu. Kiache kimewashwa mahali wazi, kisha chagua "angalia ujumbe" wewe mwenyewe baada ya dakika kumi.

Mtandao wa simu wa nchini umeukataa. Ni nadra, ila hutokea: mtandao mmoja unapokea, mwingine hauonyeshi kitu. Ndiyo maana naweka wapokeaji wawili wenye laini za mitandao tofauti, na wa tatu kwa barua pepe.

Jaribio lake ni moja. Siku mbili kabla, mpeleke mtu na kifaa ufukweni, wewe ukae na mke wake au mama yake sebuleni. Ujumbe uje, ausome kwa sauti, ajibu, na jibu lisomwe kule ufukweni. Kabla hilo halijakamilika, kwangu kifaa hicho hakijajaribiwa.

## Nyumbani wanasema: "Alama zimesimama kwenye ramani"

Hii ni dalili ya upande wa pili, na imewahi kusababisha boti ya watu kutolewa usiku bila sababu. Kifaa kikiwekwa kwenye ufuatiliaji kinatuma mahali kilipo kila baada ya dakika kadhaa, na familia inaona vitone kwenye ramani. Kitone kikisimama, moyo unasimama.

Mara nyingi wamesimama kweli: wanakula, au wanasubiri maji. Wageni hawajui, lakini fungu la Maziwe linaonekana maji yakitoka na linamezwa maji yakijaa, kwa hiyo safari yote inaongozwa na maji. Mara nyingine kifaa kimeingia begini, au kundi limeingia chini ya miti. Vitone vitakuja vyote kwa pamoja likitoka. Mara chache betri imekwisha.

Tiba ni makubaliano ya maandishi kabla ya safari: saa ya kurudi, saa ya ujumbe wa "tupo salama", na muda gani wa kimya ndio wa kuanza kupiga simu. Kwa safari ya siku moja ya bahari mimi naandika saa mbili baada ya wakati wa kurudi. Msituni naandika ujumbe mara mbili, wa jioni na wa asubuhi. Ukikosekana wa jioni, subiri wa asubuhi. Ukikosekana na huo, anza. Kitone kilichosimama peke yake hakianzishi kitu.

## Mahali panapoonyeshwa si hapo tulipo

Nukta ni ya zamani. Kifaa kilichotoka sandukuni kinahitaji muda kupata mahali kilipo, na kikikosa kinaweza kuonyesha cha mwisho kilichokuwa nacho, pengine sebuleni kwako. Kiwashe kwenye uwazi robo saa kabla ya kuondoka, hadi kionyeshe kimepata GPS. Kupata GPS na kupata Iridium ni mambo mawili tofauti. Kimoja kinaweza kuwepo na kingine kikosekane.

Boti ikiwa inachukuliwa na maji, nukta ya saa moja iliyopita ni historia tu. Hapa kwetu mkondo mkubwa wa pwani unaelekea kaskazini, na wakati wa kusi unapata nguvu zaidi. Kwenye karatasi ya mtu wa nyumbani naandika wazi: mwambie mtafutaji saa ya nukta, siyo nukta tu.

Namba zimesomwa vibaya. Hili linafanyika kwenye simu, mtu akimsomea mwenzake. Tanga mjini ipo karibu na 5°04′ kusini na 39°06′ mashariki. Ukisahau neno "kusini", au ile alama ya kutoa mbele ya namba, nukta inavuka ikweta na kuangukia kusini mwa Ethiopia. Kosa hilo angalau linaonekana. Baya zaidi ni lile lisiloonekana: Maziwe ipo karibu na 5°30′ kusini, mtu akaisoma "tano nukta thelathini." Digrii 5.30 ni sawa na 5°18′, yaani amekosea dakika 12. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, kilomita 1.85. Boti ya uokoaji itakwenda kilomita 22 kaskazini ya mahali penyewe, upande wa Kigombe, na huko haitakuta mtu. Chagua mtindo mmoja kwenye mipangilio, andika kwenye karatasi ya nyumbani ni mtindo gani, na wakisoma waseme neno "digrii" na neno "dakika" kila mara.

## Betri inaisha haraka, au kifaa hakichaji

Betri kuisha haraka karibu kila mara ni mipangilio. Ufuatiliaji wa kila dakika mbili badala ya kumi, mwanga wa kioo uliowekwa juu kabisa, Bluetooth iliyoachwa wazi, au kifaa kilichoning'inizwa chini ya miti siku nzima kikitafuta setilaiti isiyoonekana. Weka dakika kumi, zima usichotumia, na usiku kizime kama mmeshatuma ujumbe wa jioni. Joto nalo linakula betri: kifaa kilichoachwa juu ya dashibodi ya gari mwezi wa pili kitaonja moto usiopaswa. Kama kimepata joto hivyo, kiache kipoe kivulini kabla ya kuchaji. Vijitabu vya vifaa vingi vinakataza kuchaji joto likizidi nyuzi 45.

Kutochaji ni chumvi, na hapa pwani ni chumvi tena. Angalia tundu la chaja. Ukiona unga mweupe au wa kijani, suuza kwa maji baridi ya kunywa, kung'uta, acha kikauke kivulini siku nzima, tundu likitazama chini. Usitie pini wala sindano. Usikizike kwenye mchele. Unga wake unaingia tunduni. Usichaji kikiwa na unyevu hata kidogo, maana umeme kwenye maji ya chumvi unakula vile vyuma vidogo ndani ya dakika. Kila ukirudi baharini, kifaa kioshwe kwa maji baridi kama unavyoosha injini.

Kisha badilisha waya, halafu chaja. Ukitumia pawa benki jua kwamba nyingine hujizima zenyewe, kwa sababu kifaa hiki kinavuta umeme kidogo mno na pawa benki inadhani hakuna kilichochomekwa. Chomeka na simu yako pamoja nacho, itaendelea.

Kuhusu maji: vifaa vingi vimepimwa kukaa mita moja ndani ya maji kwa dakika 30. Kuanguka ni sawa. Kuzama nacho kwenye miamba siyo.

Acha hapa ukiona mgongo umevimba, kioo kimeinuliwa kutoka ndani, kinatoa harufu ya ajabu, au kinapata moto bila kuchajiwa. Hiyo ni betri ya lithiamu iliyoharibika, na inaweza kuwaka. Usichaji, usitoboe, usiweke mfukoni. Kiweke nje juu ya saruji au mchanga, mbali na petroli ya boti, na wasiliana na muuzaji.

## Simu na kifaa havishikani

Kwa kifupi: simu imeunganishwa na kifaa cha safari nyingine, au programu ya simu imenyimwa ruhusa ya mahali na Bluetooth, au imesasishwa na sasa inadai nywila ambayo mtu haikumbuki akiwa katikati ya msitu. Futa muunganisho pande zote mbili, unganisha upya. Shusha ramani ukiwa mjini. Lakini fundisha kila kiongozi kuandika ujumbe kwenye kifaa chenyewe, herufi kwa herufi, kama kifaa chake kinaruhusu. Simu ndiyo hulowa kwanza. Vifaa ambavyo haviwezi kuandika ujumbe bila simu mimi sivipeleki baharini.

## SOS

Hiki ndicho kitufe cha kuomba uokoaji. Usikibonyeze kujaribu. Vifaa vingine vina ujumbe wake wa majaribio, tumia huo.

Imebonyezwa kwa bahati mbaya. Mtoto amechezea, au kifuniko kimechanika ndani ya begi. Mkono wa kwanza unakimbilia kuzima. Usizime. Taarifa inaweza kuwa imeshaondoka, na ukizima, huko wanakujua kama mtu aliyeomba msaada akapotea. Futa SOS kwenye kifaa, nenda mahali wazi, subiri uthibitisho kwamba imefutwa, na ukiulizwa jibu kwa sentensi moja: ni makosa, sote tupo salama.

Imebonyezwa kweli, na hakuna jibu. Tiba ni ileile ya mwanzo: mbingu wazi, antena juu, utulivu. Kifaa kitarudia chenyewe. Wakati huo andika ujumbe wa pili, maana wa kwanza unasema tu mahali mlipo. Andika mpo wangapi, nani ameumia na vipi, boti ni ya aina gani na rangi gani, kama mnaelea au mmetia nanga, na maji ya kunywa mliyonayo. Kama simu ya kawaida inashika mtandao, piga 112 pia. Jirani anafika kabla ya mgeni.

Sasa, msaada hauji moja kwa moja kutoka angani. Kwa mfano, SOS ya Garmin inapokelewa na kituo kilichopo Texas, Marekani, chenye watu usiku na mchana. Wale hawana boti Tanga. Wanachofanya ni kupiga simu: kwa vyombo vya uokoaji vya nchi, ambavyo baharini kwetu uratibu wake upo Dar es Salaam chini ya TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, na kwa watu uliowaandika kama wa dharura. Simu hiyo itatoka nje ya nchi, saa yoyote, kwa Kiingereza. Yule mama aliyefuta ujumbe ataipokea?

Kwa hiyo mmoja wa watu wako wa dharura awe anamudu Kiingereza cha simu, na wote wajue kwamba wakati wa safari namba ya ajabu inapokelewa. Mbele yao pawe na karatasi, si kumbukumbu: namba za polisi, za viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe) wa mlikotokea, za wenye boti wawili wanaoweza kutoka usiku, na kama ni msituni, za ofisi ya hifadhi. Amani ipo chini ya TFS, wakala wa misitu, na Saadani chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Jina la boti, rangi yake, majina ya abiria na dawa wanazotumia viwe humo humo. Karatasi hiyo imeokoa muda mwingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, na ni karatasi ya daftari tu.

Msaada ukionekana, kifaa kibaki kimewashwa. Boti inayokuja inaweza kuwa ya wavuvi wanaopita na hawajaambiwa lolote. Pandeni, hesabuni watu, andika "tumeokolewa, watu sita, wote wazima" au hali yoyote iliyopo, subiri jibu lirudi. Baada ya hapo ndipo unaifunga SOS.